Somo la 8: Marago Matakatifu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 23:9-14; Hes. 5:1-4, 2 Sam. 11:1-13, Mt. 5:27-30, Amu. 4:4-10, 5:1, 1 Tim. 5:1, 2, Dan. 1:8-16, Rum. 14:13-23.

Fungu la Kukariri: Warumi 14:13. Lisome katika Biblia yako, liandike kwa mkono wako, kisha ulirudie kila siku ya juma hili.

Katika nchi ya Israeli, vijana wengi wa Kiyahudi huitwa jeshini wakifikisha umri wa miaka 18, wa kiume kwa wa kike. Sheria ya utumishi wa ulinzi ya mwaka 1949, iliyopitishwa mwaka mmoja tu baada ya taifa hilo kuundwa, iliwawekea wajibu huo wote wawili. Msichana anayetangaza kwamba dhamiri yake ya dini inamzuia kutumika husamehewa, na wengi wa wasichana hao hutumikia taifa mashuleni na hospitalini badala ya jeshini.

Kwa kijana wa kiume anayeshika dini, mambo si mepesi hivyo. Tangu utoto amefundishwa asikae peke yake mahali palipofungwa na mwanamke asiye mke wake wala ndugu yake wa karibu. Amefundishwa asimguse mwanamke asiye wa nyumbani kwake, na asisikilize mwanamke akiimba. Kisha anafika kambini, na mkufunzi wake wa shabaha ni msichana wa miaka 19. Kwenye lindo la usiku amepangwa na msichana. Kwenye sherehe ya kikosi, anayesimama kuimba ni msichana. Afanye nini? Amtii kamanda wake, au aitii dhamiri yake?

Waadventista wanalifahamu swali hili kwa sura nyingine. Kijana anayepangiwa mtihani siku ya Sabato, au muuguzi anayepangiwa zamu ambayo dhamiri yake inamsumbua, amesimama mahali pale pale. Juma hili tutatazama jambo hili kwa nuru ya Maandiko, tukiwa na swali moja mbele yetu: ninapotaka kuwa mtakatifu, ni nani anayebeba mzigo wa utakatifu wangu?

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato.


JUMAPILI

Kijiti cha Kuchimbia

Soma Kumbukumbu la Torati 23:9-14. Askari wa Israeli waliagizwa kufanya nini wanapokuwa vitani, na ni sababu gani inayotolewa katika fungu la 14?

Marabi wanaopinga wanaume na wanawake kuchanganywa katika kikosi kimoja hutumia fungu hili kuliko mengine yote. Hoja yao ni nzito, na inafaa isikilizwe kwa heshima. Vita ni mahali ambapo mtu hujiona ameruhusiwa mengi. Yuko mbali na nyumbani, mbali na wazazi na mkewe, na kifo kiko jirani. Mambo ambayo asingethubutu kuyafanya kijijini kwake huonekana madogo. Hapo ndipo Bwana anaposema kwamba Yeye mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Kwa hiyo kambi ya vita haipo nje ya ibada. Inapaswa kuwa safi kwa sababu ya Yule anayepita ndani yake.

Lakini angalia jinsi usafi huo unavyotekelezwa. Mtu aliyepatwa na unajisi usiku anaambiwa atoke yeye mwenyewe nje ya marago, aoge jioni, kisha arudi jua likichwa. Anayekwenda haja anaambiwa awe na kijiti cha kuchimbia miongoni mwa zana zake, achimbe shimo, na kufukia kile kilichotoka kwake. Haambiwi aende na mtu wa kumfukia. Kila askari hubeba kijiti chake pamoja na silaha zake.

Soma Hesabu 5:1-4. Agizo hili linawahusu akina nani, na fungu la 3 linasema nini kuhusu wanaume na wanawake?

Hapa pia Mungu anasema kwamba anakaa katikati ya marago, na waliopatwa na unajisi wanatolewa nje, mwanamume na mwanamke kwa kipimo kimoja. Jinsia yenyewe haihesabiwi kuwa unajisi. Mwanamke hatolewi kwa kuwa ni mwanamke, wala mwanamume habakizwi kwa kuwa ni mwanamume.

Kuna mafundisho mawili ya kushika hapa. Kwanza, ni haki kwa mtu wa Mungu kujali hali ya mahali anapoishi na kufanya kazi, hata kama wenzake wanamwona mshamba. Pili, sheria ya marago inaanza na mimi. Kabla sijauliza ni nani aondolewe kambini ili niwe safi, Maandiko yananiuliza kama kijiti changu ninacho.

*Je, kuna mahali pa kazi, bwenini au nyumbani ambapo umekuwa ukitarajia wengine watengeneze usafi ambao Mungu amekuagiza wewe uutengeneze?*


JUMATATU

Dari la Mfalme

Soma 2 Samweli 11:1-13. Linganisha mwenendo wa Uria na mwenendo wa Daudi. Kila mmoja alikuwa wapi, na kila mmoja alichagua nini?

Ni nadra Biblia kuwaweka watu wawili kando kwa kando kwa namna inayochoma kama hii. Uria Mhiti ametoka kambini, mahali penye hatari zote ambazo wazazi huwaogopea watoto wao. Daudi yuko Yerusalemu, katika jumba lake, si mbali na hema iliyokuwa na sanduku la agano hadi lilipopelekwa vitani. Kambini hakukuwa na wanawake. Daudi mwenyewe, miaka mingi kabla, alimwambia kuhani Ahimeleki kwamba vijana wake walikuwa wamejitenga na wanawake kama ilivyokuwa desturi yao wanapotoka kwenda vitani (1 Sam. 21:5). Aliijua kanuni, na aliwahi kuishika.

Anguko lake halikutokea kambini. Lilitokea juu ya dari la nyumba yake, jioni, baada ya usingizi wa mchana. Bath-sheba hakuwa amepangwa naye kwenye lindo. Alikuwa mbali, akioga. Jicho la mfalme ndilo lililovuka umbali huo, na mamlaka ya mfalme ndiyo iliyomleta. Mwishoni, mtu aliyekuwa safi ndiye aliyekufa.

Habari hii inatupa tahadhari mbili. Mtu asiseme kwamba mipaka ya nje haina kazi. Uria aliitumia. Alikataa hata kushuka nyumbani kwake, akiwakumbuka wenzake waliolala uwandani, na kukataa huko kulimkinga asitumiwe katika hila ya mfalme. Lakini mtu asiseme pia kwamba mipaka ya nje inatosha. Unaweza kuzungushia kambi uzio wa kila aina, na bado uzio usifike mahali dhambi inapozaliwa.

Soma Mathayo 5:27-30. Yesu anaelekeza hatua kali kwa nani: kwa yule anayetazamwa, au kwa yule anayetazama?

Katika siku za Yesu walikuwapo walimu waliomkinga mwanamume kwa kumwondoa mwanamke mbele yake. Yesu hakupunguza uzito wa dhambi. Aliuongeza, akauingiza moyoni. Lakini kisu alikiweka mkononi mwa mwenye jicho. Ayubu naye hakuwaagiza wanawali wajifiche, alifanya agano na macho yake mwenyewe (Ayu. 31:1). Yusufu, alipobanwa katika nyumba ya Potifa, aliacha vazi lake na kukimbia, naye ndiye aliyelipa gharama gerezani (Mwa. 39:12-20).

*Ni hatua gani unayohitaji kuichukua leo kuhusu macho yako, simu yako au mazoea yako, bila kumngoja mtu mwingine abadilike kwanza?*


JUMANNE

Sauti ya Debora

Mwezi Septemba mwaka 2011, katika chuo cha maafisa cha jeshi la Israeli kilicho jangwani Negevu, wanafunzi kadhaa wa dini walisimama na kutoka ukumbini wakati askari wa kike alipoanza kuimba. Kamanda aliwaamuru warudi. Wanne walikataa katakata, wakaondolewa katika kozi ya uafisa. Taifa zima lilijadili. Wengine walisema vijana wale walionewa kwa ajili ya imani yao. Wengine walisema wamewadhalilisha dada zao wa kikosi mbele ya watu.

Kanuni waliyoishika ni ya kale. Katika Talmudi, rabi Samweli wa karne ya tatu anahesabu sauti ya mwanamke kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha tamaa, na ushahidi wake ni Wimbo Ulio Bora 2:14, mahali ambapo sauti ya mpenzi inaitwa tamu. Kwa karne nyingi marabi wamejadili mipaka ya kanuni hiyo. Si wote wanaoipima sawa. Katika karne ya 20, Rabi Yehiel Yaakov Weinberg aliruhusu wavulana na wasichana wa chama cha vijana wa dini huko Ufaransa waimbe pamoja nyimbo takatifu, akiona kwamba kukazwa kupita kiasi kungewapoteza wasichana wale kabisa.

Soma Waamuzi 4:4-10 na 5:1. Baraka aliweka sharti gani kabla ya kwenda vitani? Baada ya ushindi, ni nani walioimba?

Debora alikuwa nabii na mwamuzi. Baraka hakukubali kwenda bila yeye, naye akaenda. Wanaume elfu kumi walipanda mlima Tabori, na mwanamke huyu alikuwa pamoja nao. Vita vilipokwisha, waliimba wote wawili, Debora na Baraka, na wimbo wao umehifadhiwa katika Maandiko Matakatifu mpaka leo. Hakuna neno la kuonyesha kwamba marago yalinajisika kwa uwepo wa Debora, au kwamba sauti yake ilipaswa kunyamazishwa.

Hii haimaanishi kwamba wanafunzi wale wa uafisa walikuwa wanafiki. Mtu anayetii kile alichofundishwa tangu utoto kuwa ni neno la Mungu hastahili kudhihakiwa. Lakini habari yao inatufundisha kutofautisha mambo mawili: amri ya Mungu yenyewe, na uzio ambao watu waaminifu wamejenga kuizunguka amri hiyo. Uzio unaweza kuwa mwema. Unaweza pia kupanuka mpaka dada aliyesimama kuimba ajione amekuwa jaribu, wakati alidhani yeye ni askari mwenzao.

Baadaye jeshi lilifafanua jambo hilo: katika sherehe rasmi askari wote watabaki, bali katika burudani anayezuiwa na dhamiri anaweza kuombewa ruhusa. Ni suluhisho la wanadamu, na halikuwaridhisha wote. Hata hivyo lilijaribu kusikiliza pande mbili.

*Taja desturi moja katika kanisa lenu inayolinda amri ya Mungu. Je, kuna mtu anayeumizwa na namna inavyotekelezwa? Mnaweza kuilinda amri bila kumuumiza?*


JUMATANO

Ndani ya Kifaru

Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Israeli ilitoa hukumu katika shauri la Alice Miller, mwanamke aliyekuwa na leseni ya urubani wa ndege za kiraia, ambaye jeshi la anga lilikataa hata kumpa mtihani kwa sababu ni mwanamke. Mahakama iliamua kwamba apewe nafasi ya kujaribiwa. Mwaka 2000 sheria ilibadilishwa, ikawapa wanawake haki sawa ya kutumika katika kazi yoyote ya jeshi, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe kwa asili yake haiwezekani. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kikosi cha Caracal, ambacho wanaume na wanawake hulinda mpaka pamoja.

Milango hiyo ilipofunguka, wasiwasi wa watu wa dini uliongezeka, maana katika miaka hiyo hiyo wao pia walikuwa wakiingia jeshini kwa wingi. Vijana wengi wa dini hupitia mpango uitwao Hesder, ulioanza katika miaka ya 1960, unaounganisha masomo ya Torati na utumishi wa jeshi. Kwa wale wenye msimamo mkali zaidi, kikosi kiitwacho Netzah Yehuda kilianzishwa mwaka 1999, na katika kambi zake hawawekwi askari wa kike.

Mfano wa kifaru unaonyesha ugumu wa jambo hili vizuri. Ndani ya kifaru cha Merkava hukaa watu wanne: kamanda, dereva, mpiga mzinga na mpakiaji. Wakati wa vita wanaweza kukaa humo siku kadhaa, wakila na kulala wakiwa wamebanana. Mwaka 2017 jeshi lilipoanza kuwajaribu wanawake katika vifaru, baadhi ya marabi waliwashauri wanafunzi wao wasikubali kutumika katika vikosi mchanganyiko. Jeshi liliunda vikundi vya wanawake watupu ndani ya kifaru. Mwanamke alipata kazi aliyoiweza, na mwanamume wa dini hakulazimishwa kubanana naye.

Soma 1 Timotheo 5:1, 2. Paulo anampa Timotheo, mhudumu kijana, maagizo gani kuhusu wanawake vijana?

Timotheo hakuambiwa awakimbie wanawake vijana. Aliambiwa awatendee kama dada, katika usafi wote. Maneno hayo mawili, dada na usafi, hayatenganishwi. Usafi bila udada humfanya mwanamke kuwa hatari ya kuepukwa. Udada bila usafi humfanya kuwa windo. Yesu aliishi yote mawili. Alisafiri miji na vijiji akiwa na wanafunzi wake kumi na wawili na wanawake waliomhudumia kwa mali zao (Lk. 8:1-3). Alizungumza kisimani na mwanamke Msamaria, hata wanafunzi wakastaajabu (Yn. 4:27). Wala hakuna adui yake aliyeweza kumshuhudia dhambi.

Tusisahau sauti isiyosikika sana katika mabishano haya: sauti ya askari wa kike. Naye ana dhamiri. Wako wasichana wa dini ambao, ingawa Baraza la Marabi Wakuu limepinga utumishi wao tangu miaka ya mwanzo ya taifa, wamejiunga na jeshi wakiamini kwamba wanamtumikia Mungu na watu wao. Wanaomba, wanashika Sabato yao, na wanavaa sketi pale wanaporuhusiwa. Wanaume wawili wanapobishana kama yeye awepo au asiwepo, ni rahisi asiulizwe.

*Je, wanawake wa kanisa lenu wanawaona wanaume kama kaka, katika usafi wote? Mngejuaje bila kuwauliza wenyewe?*


ALHAMISI

Ombi la Danieli

Soma Danieli 1:8-16. Orodhesha hatua ambazo Danieli alizichukua kuanzia moyoni mwake hadi mwisho wa siku kumi.

Danieli alikuwa kijana aliyechukuliwa kwa nguvu kuingia katika utumishi wa mfalme. Alikusudia moyoni kwanza, kisha akaomba. Mkuu wa matowashi alipomweleza hofu yake, kwamba kichwa chake kingeweza kuondolewa, Danieli hakumwambia kwamba hilo si shauri lake. Alilichukua kuwa shauri lake. Alienda kwa msimamizi na kupendekeza jaribio fupi, la siku kumi, ambalo gharama yake wangeilipa yeye na wenzake watatu. Hakudai mboga kwa wote. Hakuwalaani waliokula chakula cha mfalme.

Ombi la dhamiri lililo jema lina alama hizi. Linasemwa mapema, kabla ya siku ya mgogoro. Linasemwa kwa adabu, kwa mtu mwenye mamlaka ya kujibu. Linazingatia hasara ya mwingine. Na mwombaji yuko tayari kufanya zaidi, si kidogo, kuliko wenzake.

Kanisa la Waadventista lina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, viongozi wa kanisa changa waliwasilisha kwa serikali msimamo wao wa kutobeba silaha. Miaka mingi baadaye, Desmond Doss, mhudumu wa tiba katika jeshi la Marekani, alikataa kubeba bunduki na akaomba kuitunza Sabato. Wenzake walimdhihaki. Mwezi Mei mwaka 1945, katika jabali la Maeda kisiwani Okinawa, aliwashusha majeruhi wapatao 75 kwa kamba, mmoja mmoja, chini ya risasi. Siku ile ilikuwa Sabato. Mtu aliyeomba Sabato yake hakuitumia kujificha, aliitumia kuokoa. Tarehe 12 Oktoba 1945 Rais Truman alimvisha nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Waliomcheka Doss walikuja kumwamini si kwa sababu alishinda hoja, bali kwa sababu waliona kwamba dhamiri yake haikuwapa wao mzigo. Aliubeba mwenyewe, na wao akawabeba pia.

Soma Warumi 14:13-23. Paulo anamwambia nini mwenye dhamiri nyepesi kukwazika, na anamwambia nini mwenye uhuru?

Kila upande unapata neno lake. Mwenye uhuru asimlazimishe ndugu yake kutenda kinyume cha dhamiri, kwa kuwa tendo lisilotoka katika imani ni dhambi kwake. Kwa hiyo kamanda, mwalimu au mwajiri anayeweza kupanga lindo upya bila madhara, na akakataa kwa kiburi tu, anamtia nafsi nyingine hatarini. Naye mwenye dhamiri iliyokazwa asimhukumu mwenzake, wala asigeuze udhaifu wake kuwa sheria juu ya wote.

*Unapotoa ombi la dhamiri, je, wenzako huona mtu anayekwepa kazi, au mtu aliye tayari kubeba zaidi?*


IJUMAA

Jifunze Zaidi:

Mwaka 1948, Rabi Shlomo Goren, rabi mkuu wa kwanza wa jeshi la Israeli, alikabiliana na swali la jikoni. Je, askari wa dini wawe na vikosi vyao na majiko yao, na wengine wawe na yao? Alishikilia kwamba jeshi liwe moja, na jiko lake lifuate sheria ya chakula kwa ajili ya wote, ili askari wa dini na asiye wa dini waketi meza moja. Mpangilio huo umeendelea. Suala la wanaume na wanawake limekuwa gumu zaidi, maana chakula kinaweza kupikwa kwa namna inayomfaa kila mlaji bila kumnyima mtu heshima, bali mwanamke si chakula. Hawezi kupangwa na kuondolewa kama sufuria.

Mishna inafundisha kwamba katika vita vya wajibu wote hutoka, hata bwana arusi chumbani mwake na bibi arusi katika hema yake, picha iliyotoka katika Yoeli 2:16. Yoeli mwenyewe hakuwa akiita jeshi. Alikuwa akiita kusanyiko la toba: wazee, watoto, wanyonyao maziwa, bwana arusi na bibi arusi, wote mbele za Bwana. Kanisa limeitwa kuwa kusanyiko la namna hiyo, marago ambayo Mungu hutembea katikati yake. Katika Ufunuo 20:9 watu wa Mungu wa siku za mwisho wanaonekana wakiwa katika kambi, na hakuna anayeingia humo kwa kumtoa mwingine nje.

Yesu alikwenda mbali zaidi. Waebrania 13:11-13 inaeleza kwamba yeye aliteswa nje ya lango, ili awatakase watu kwa damu yake mwenyewe. Mtakatifu kuliko wote hakubaki ndani akiwaamuru wachafu watoke. Alitoka Yeye. Mzigo wa utakatifu wetu aliubeba hadi Kalvari, na anatuita tumfuate nje ya marago, tukiuchukua aibu yake. Aliyesimama msalabani hana tena haja ya kujiona safi kwa kumtazama mwenzake kama uchafu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika Kumbukumbu la Torati 23, askari hubeba kijiti chake mwenyewe. Ni njia gani za kweli ambazo kijana wa kanisa lenu, jeshini, chuoni au kazini, anaweza kujilinda bila kumfanya mwenzake wa jinsia nyingine ajione najisi?

2. Wanafunzi wanne wa uafisa walipoteza kozi yao mwaka 2011 kwa kukataa kurudi ukumbini. Mkilinganisha na Danieli 1, ni mambo gani waliyofanya yanayofanana na Danieli, na ni yapi yanayotofautiana? Kamanda wao angeweza kufanya nini ili jambo lisifike pale?

3. Je, kuna wakati ambapo ni haki kukataa moja kwa moja, hata kama ombi limekataliwa na mwingine ataumia? Tumieni Matendo 5:29 pamoja na Warumi 14:13-15 katika kujadili, na mtofautishe kati ya amri ya Mungu na uzio uliojengwa kuizunguka.

4. Wanaume wa darasa wajibu kwanza, kisha wanawake: ni mambo gani katika mpangilio wa kanisa letu, viti, kwaya, kambi za vijana, yanayolinda usafi, na ni yapi yanayowatwika wanawake mzigo ambao Kristo aliuweka juu ya kila mtu? Sikilizeni bila kukatizana.

5. Mwalimu wa shule au mwajiri ambaye si Mwadventista anaombwa ruhusa ya Sabato. Darasa litunge pamoja ombi la kijana huyo, likiwa na alama zote nne zilizotajwa katika somo la Alhamisi. Je, mngekuwa tayari kutoa ruhusa ya namna hiyo kwa Mwislamu au Myahudi anayeomba kwa ajili ya dhamiri yake?